Ufundi wa Kurudi: mwongozo kamili wa kukabili vikwazo vya maisha kwa michezo

Mtu akiwa katika shida, methali ya kwanza anayorushiwa ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, ila methali hiyo haimwambii mvumilivu afanye nini wakati tunda bado bichi. Mimi nina imani zaidi na ile ya wahunzi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo likivunjika, mhunzi hauzimi moto. Anatafuta namna nyingine ya kushika chuma.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu ambaye koleo lake limevunjika. Huenda ni ajali, ugonjwa, msiba, kazi iliyokatika ghafla, uraibu anaojaribu kuuacha, au mwili alioutelekeza kwa miaka mingi. Mimi yangu ilikuwa mgongo. Nililala miezi mitano, na nilipoambiwa nianze kutembea, siku ya kwanza nilitembea dakika nane, nikarudi kitandani nikalia. Siku ya pili sikutoka. Siku ya tatu nilitoka.

Siku hiyo ya tatu ndiyo kiini cha yote nitakayosema. Kwa miaka mingi nilidhani watu wavumilivu ni wale wasioanguka. Sasa najua wanaanguka kama sisi, isipokuwa wamejifunza kurudi upesi na bila kelele. Kurudi ni ufundi, na ufundi hufundishika. Michezo ni karakana nzuri ya kujifunzia, kwa kuwa humo unaanguka kidogo kidogo, kila wiki, na kila anguko lina dawa yake.

Hatua ya 1: Kitaje kikwazo chako

Chukua daftari uandike sentensi moja. Usiandike kwamba maisha ni magumu, maana hilo halina mahali pa kushika. Andika tendo ambalo sasa linakushinda: "Tangu ajali, naogopa kushuka ngazi mbele za watu." "Tangu nifiwe, siwezi kuamka kabla ya jua kuwa kali." "Nikifika jioni bila kazi ya kufanya, mkono unatafuta chupa."

Ukishaandika, jiulize kama hicho ndicho chenyewe. Nimekutana na watu wanaosema kinachowazuia ni goti, na ukikaa nao unagundua goti lilipona zamani, kilichobaki ni hofu. Wengine husema hawana muda, kumbe wanaona haya kuonekana wanahema. Kikwazo cha mwili mara nyingi kimembeba cha moyo mgongoni, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Goti linataka mazoezi ya nguvu. Hofu inataka kuzoeshwa kile kinachoogopwa, kidogo kidogo. Haya inataka njia isiyo na watu kwa wiki chache za mwanzo.

Chini ya sentensi hiyo andika nyingine, nayo ni ngumu kuliko ya kwanza: kile ambacho hakitabadilika. Mguu uliokatwa hautaota. Aliyefariki hatarudi. Michezo haina uwezo juu ya hayo, na anayekuahidi kinyume anakudanganya. Ukiyaandika mapema hutakuja kuyalaumu mazoezi baadaye kwa kushindwa kufanya kisichowezekana.

Hatua ya 2: Uliza mwili kabla hujauamrisha

Kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, pumu, ujauzito, au umetoka kwenye upasuaji, muone daktari kabla ya kuanza. Muulize maswali ya wazi: ni harakati zipi nisizifanye kabisa, ni zipi nianze nazo, na ni dalili gani ziniambie nisimame? Anayetumia insulini aulize pia kuhusu sukari kushuka, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchoma sukari na inaweza kuishusha hata saa kadhaa baada ya mazoezi.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuzirai, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au pumzi kukatika kuliko kazi uliyofanya: ukiona mojawapo, simama hapo hapo utafute matibabu. Kwenye hili hakuna ushujaa.

Na kama kikwazo chako ni sonona au huzuni nzito, tafadhali soma hapa mara mbili. Mazoezi husaidia, na husaidia kweli, hasa pale hali ilipo ya wastani. Lakini yanakaa pamoja na matibabu, hayachukui nafasi yake. Usiache dawa kwa sababu umeanza kukimbia. Na kama unafikiria kujitoa uhai, weka mwongozo huu pembeni, mwambie mtu wa karibu leo hii, na mwende pamoja hospitali.

Hatua ya 3: Chagua mchezo unaojibu kikwazo chako

Watu wengi huchagua mchezo wanaoupenda kuutazama. Mimi nakushauri uchague unaojibu sentensi yako.

Kama kinachokusumbua ni upweke, mbio za peke yako zitakuongezea. Tafuta mchezo wa timu, au kikundi chochote ambacho usipofika, mtu atauliza uko wapi. Aliyezingirwa na watu na majukumu kutwa nzima anahitaji kinyume chake: kuogelea, baiskeli, kutembea. Anayepambana na uraibu hufaidika na mchezo wenye saa maalumu, uwekwe saa ile ile tamaa inapokuja. Hasira na uchungu uliozuiliwa hupata njia kwenye ndondi za mazoezi au kuinua vyuma. Mwenye viungo vinavyouma ajaribu maji kwanza, kwa kuwa maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Hofu ya kuanguka hutibiwa na mazoezi ya mizani na nguvu za miguu: kusimama kwa mguu mmoja umeshika ukuta, kuketi na kuinuka kitini bila kutumia mikono.

Ulemavu haufungi mlango huu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Washiriki walikuwa 16 tu, wanajeshi wa zamani walioumia uti wa mgongo, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Guttmann aliutumia mchezo kama sehemu ya matibabu. Kutokana na mashindano hayo madogo ndiyo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Na kuna habari ya Károly Takács, ambayo huwa nairudia mara kwa mara. Alikuwa mwanajeshi wa Hungaria na mlenga shabaha hodari wa bastola. Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, guruneti lililipuka mkononi mwake na kuuharibu mkono wa kulia, ule aliofyatulia. Alipotoka hospitali alianza kujifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, kimya kimya bila watu kujua. Mwaka uliofuata alishinda ubingwa wa taifa lake. Kisha vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Alisubiri, huku akiendelea na mazoezi. Alipata medali ya dhahabu London mwaka 1948 akiwa na miaka 38, na nyingine Helsinki mwaka 1952.

Tazama vizuri alichofanya. Hakupigania kuurudisha mkono wa kulia. Aliacha kilichoharibika, akashika kilichosalia: jicho, pumzi, utulivu, miaka ya kujua bastola. Vyote hivyo havikuwa vimekaa kwenye mkono ule. Basi kwenye daftari lako andika orodha ya tatu: nini kimesalia? Orodha hiyo mara nyingi huwa ndefu kuliko mtu anavyotarajia.

Hatua ya 4: Anza kwa kiasi kidogo hadi uone haya kukisema

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Hicho ni kituo cha kufikia. Ukijaribu kuanzia hapo ukiwa umetoka kitandani, utaumia au utachoka roho, kisha utasema mazoezi hayakufai.

Kuna sababu ya kimwili. Moyo, mapafu na misuli huzoea kazi mpya kwa haraka, na baada ya wiki mbili tatu unajisikia una nguvu. Lakini kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo na huimarika polepole sana. Ndiyo maana wanaoanza kwa pupa huumia pale wanapojisikia vizuri kabisa. Pumzi imekwisharuhusu, kano bado.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza fanya dakika 10, siku nne kwa wiki. Kama 10 ni nyingi, fanya 5. Kama kutembea hakuwezekani, inua mikono ukiwa umeketi. Kipimo cha ukali ni mdomo wako: ukiweza kuongea sentensi nzima huku unafanya, uko sawa. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukiongea neno moja moja, punguza. Ni kipimo ambacho hata makocha hukitumia, na hakihitaji kifaa chochote.

Amua pia lini na wapi, kwa maneno yenye "nikishafanya" jambo fulani ndani yake: "Nikishapiga mswaki asubuhi, navaa raba na kutoka." Ukisema tu kwamba utafanya mazoezi wiki hii, umeuachia ubongo kazi ya kuamua kila siku, na ubongo uliochoka huamua vibaya. Ukifunga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, uamuzi umeshafanyika. Weka raba na nguo mahali utakapozikuta kabla hujakuta kisingizio.

Hatua ya 5: Wiki kumi na mbili

Huu hapa mpango ninaowapa wanaoanza kutembea na kukimbia. Anayeogelea, anayeendesha baiskeli au anayesukuma kiti cha magurudumu aubadilishe kwa mchezo wake, dakika zibaki zile zile.

Wiki ya 1 na 2 ni zile dakika 10 za kutembea, mara nne. Wiki ya 3 panda hadi dakika 15, na uongeze siku mbili za nguvu: kuketi na kuinuka kitini mara 8, pushapu za ukutani mara 8, kusimama kwa visigino juu mara 10, yote kwa raundi mbili. Wiki ya 4 punguza. Ndiyo, punguza, hata kama unajisikia simba. Rudi dakika 10. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika, na wiki hii ya nne ndiyo wengi huiruka wakajuta kwenye wiki ya sita.

Wiki ya 5 hadi ya 7 tembea dakika 20, kisha 25, na ndani yake weka vipande vya kukimbia taratibu: dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Anayebaki kwenye kutembea achapuke mwendo badala ya kukimbia. Wiki ya 8 punguza tena. Wiki ya 9 hadi ya 11 geuza vipande viwe dakika mbili kukimbia, moja kutembea, na muda wote ufike dakika 30. Mazoezi ya nguvu yapande hadi raundi tatu, na pushapu zishuke kutoka ukutani hadi mezani. Wiki ya 12 ni ya kujipima: chagua njia moja, ile ile uliyotembea wiki ya kwanza, ulinganishe.

Kila mara anza kwa dakika chache za kupasha misuli moto, maana yake kufanya harakati zile zile kwa upole, na malizia kwa mwendo wa pole hadi pumzi itulie. Lala vya kutosha. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kunywa maji. Mengine yanayouzwa na kutangazwa pembeni, utayahitaji baadaye au hutayahitaji kabisa.

Mpango huu haufai kila mtu kama ulivyo. Kama wiki fulani imekushinda, irudie. Aliyemaliza wiki 12 kwa miezi sita amemaliza.

Hatua ya 6: Jifunze lugha ya maumivu

Hapa ndipo neno uvumilivu hugeuka hatari. Kuna maumivu ya kufanya kazi na kuna maumivu ya kuharibika, na asiyeyatofautisha ataacha mapema au ataumia vibaya.

Maumivu ya kazi yako pande zote mbili za mwili, yamesambaa ndani ya misuli, na hufika kileleni siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya zoezi jipya. Ukianza kujongea yanalegea. Hayo endelea nayo, ila kwa upole. Maumivu ya kuharibika yako mahali pamoja unapoweza kupaonesha kwa kidole, mara nyingi upande mmoja, ni makali kama kuchomwa, au yanazidi kadiri unavyoendelea. Yanabadilisha hata namna unavyotembea. Kiungo kikivimba, kikifa ganzi, au maumivu yakikuamsha usiku, simama na uende kuonwa.

Kwa yale ya katikati, tumia namba. Kutoka 0 hadi 10, maumivu yanayobaki chini ya 3 wakati wa zoezi na kuisha ndani ya siku moja yanavumilika. Yakipita 3, punguza muda au kasi siku hiyo hiyo. Iandike namba daftarini, kwa kuwa kumbukumbu ya maumivu hudanganya pande zote: aliye na hofu huyakuza, aliye na kiburi huyafuta.

Kuna na lugha ya moyo. Siku nyingine utakuwa unakimbia ukajikuta unalia. Mwili unapolegea, kilichokuwa kimefungwa hutoka. Punguza mwendo, tembea, lia. Zoezi hilo limehesabika.

Hatua ya 7: Andaa siku utakayoshindwa, kabla haijafika

Ningekuwa na nafasi ya kuandika hatua moja tu, ningeandika hii.

Utakosa siku. Mtoto ataugua, mvua itanyesha, huzuni itakukalia kifuani, au hutakuwa na sababu yoyote, utakuwa tu hujatoka. Siku moja ikikosekana haiharibu chochote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College, waliofuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuwa mazoea, huku wengine wakitumia siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Na walikuta pia kwamba kukosa nafasi moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujenzi wa mazoea hayo.

Kinachoharibu ni yale tunayojisemea baada ya kukosa. "Nilijua tu." "Mimi ndivyo nilivyo." Siku moja inageuzwa kuwa hukumu ya tabia nzima, na mtu aliyejihukumu hana sababu ya kurudi kesho. Kwa walio katika kuacha pombe au dawa za kulevya jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu aibu yenyewe ndiyo inayowarudisha kwenye chupa.

Kwa hiyo andika sasa, ukiwa na akili timamu, mambo matatu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. La kwanza ni zoezi la dharura: dakika tatu, ndani ya nyumba, bila kubadilisha nguo. Siku mbaya utafanya hilo tu na kuandika kwamba umefanya. La pili ni kanuni ya siku mbili: unaruhusiwa kukosa siku moja uliyopanga, hukosi mbili mfululizo. La tatu ni sentensi utakayojisemea siku ya kurudi. Iwe fupi, isiwe na matusi ndani yake wala sifa. Yangu ni "Leo nimerudi." Nimeiandika mara nyingi kwenye madaftari yangu, na zamani nilidhani kila mara ni alama ya kushindwa. Siku moja nilizihesabu nikaona ndizo siku nilizofanya kazi ngumu kuliko zote.

Usilipe deni pia. Uliyekosa Jumanne usifanye mara mbili Jumatano. Deni huleta majeraha, na majeraha huleta wiki tatu za kukosa.

Hatua ya 8: Tafuta mtu wa kushika kamba

Henry Wanyoike wa Kenya alikuwa kijana anayekimbia vizuri alipopoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji, wameshikana kwa kamba fupi. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, katika mbio za mita 5,000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na Wanyoike ndiye aliyemhimiza na kumvuta hadi mstarini. Alishinda dhahabu. Habari hiyo hunikumbusha kwamba anayeongozwa naye ana cha kutoa.

Mshika kamba wako si lazima awe mwanamichezo. Awe mtu atakayepokea ujumbe wako mfupi kila baada ya zoezi na kuujibu. Mwambie mapema unachotaka kwake: "Nikikosa, niulize tu kama nitatoka kesho. Usinihubirie." Wengi hutupenda lakini hawajui wasaidie vipi, na usipowaambia watakupa mawaidha. Wilma Rudolph, mkimbiaji wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kuvaa chuma mguuni, alikandwa mguu huo na mama yake na ndugu zake kwa zamu, mara kadhaa kila siku, miaka mingi kabla ya kushinda dhahabu tatu Roma mwaka 1960. Tunakumbuka mbio zilizoisha kwa sekunde kumi na moja. Mikono iliyokanda haikuwa na mtu wa kuihesabu.

Kaa mbali, angalau miezi ya mwanzo, na anayekudhihaki na pia anayekusukuma kupita kiasi. Huyu wa pili huwa rafiki mzuri, na huumiza watu.

Hatua ya 9: Weka tarehe

Ukifika wiki ya nane hivi, chagua siku ya kusimama mstarini. Yaweza kuwa mbio za kilomita 5 za wazi, mechi ya kirafiki, au kupanda mlima mfupi na mwenzako. Tarehe hubadilisha mazoezi kutoka dawa kuwa maandalizi, na tofauti hiyo moyo huisikia.

Lengo lenyewe liwe mikononi mwako. Nafasi utakayoshika inategemea nani amekuja. Kumaliza kunakutegemea wewe. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka akaumia goti. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bandeji na giza limeingia. Nampenda Akhwari kwa moyo wote. Hata hivyo nikuombe jambo moja: usimchukue kama kibali cha kukimbia ukiwa umevunjika. Yeye alikuwa mwanariadha wa taifa katika siku moja ya maisha yake. Wewe una wiki nyingine mbele, na kujitoa kwenye mbio ili upone ni sehemu ya ufundi huu huu.

Hatua ya 10: Rudi kwenye sentensi ya kwanza

Wiki 12 zikipita, fungua ukurasa wa mwanzo. Isome ile sentensi. Je, ngazi bado zinakuogopesha? Jioni bado inakuita? Kama kuna mabadiliko, yaandike kwa tendo, kama ulivyoandika mwanzo: "Nimeshuka ngazi za ofisini, watu wawili wakiwa nyuma yangu."

Kama hakuna, usihitimishe kwamba umepoteza muda. Huenda ulichagua mchezo usiojibu kikwazo. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki. Alihamia barabarani. Mwaka 2013 alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, kisha akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2019 huko Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40. Badilisha mchezo, badilisha saa, badilisha mwenza. Kubadilisha njia hakumaanishi umeacha safari.

Jichunguze pia upande wa pili. Michezo inaweza kuwa maficho. Ukijikuta unafanya mazoezi ukiwa umeumia, unakwepa chakula ili ustahili kupumzika, unakasirika familia ikikuchelewesha, au unakimbia mara mbili kwa siku kila inapokaribia tarehe ya msiba, basi kikwazo kimevaa bukta na kukufuata uwanjani. Hapo dawa ni kupunguza, na kuongea na mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha.

Ukikaa nje kwa muda mrefu

Itatokea, labda mwaka ujao, kwamba umeacha kabisa. Hesabu ni hii. Ukikosa chini ya wiki moja, endelea ulipoishia. Wiki moja hadi mbili, rudi nyuma wiki moja ya mpango. Wiki tatu hadi nne, anza na nusu ya dakika ulizokuwa nazo. Zaidi ya hapo, au kama ulikuwa mgonjwa, fungua ukurasa mpya na uanze wiki ya kwanza, dakika 10, hata kama zamani ulikimbia saa nzima. Pumzi itarudi mapema na kukushawishi uongeze, zingoje kano. Usilitupe daftari la zamani. Liweke chini ya jipya, na kwenye mstari wa kwanza andika tarehe, dakika, na ile sentensi yako fupi ya kurudi.